Usajili wa vyuo vidogo Marekani: mbona kocha hamuoni mtoto wa jirani?

Wasomaji wangu, mwezi huu barua karibu zote ni za basketi la vyuo vya Marekani, na si vile vyuo vikubwa mnavyoviona kwenye TV kila wiki, ni vile vidogo vidogo ambavyo ukumbi wao unajaa siku ya mahafali tu. Nadhani ni kwa vile wengi mlioko huko watoto wameshafika sekondari, urefu umeshatoka, na sasa mnaanza kuulizia skolashipu. Nimechagua sita, majina nimeyaweka pembeni kama kawaida yetu.

Kaka salama? Niko Iowa, huu mwaka wa tisa. Mwanangu ni fowadi, yuko mwaka wa mwisho sekondari, timu yao msimu uliopita ilifika mbali na yeye ndo aliongoza kwa rebaundi. Kuna chuo dakika 20 kutoka nyumbani, Divisheni ya Kwanza lakini kadogo tu, na hawajawahi hata kumpigia simu. Halafu naangalia kikosi chao naona watu wametoka Australia, Serbia, Florida, na wengine wana ndevu kama mimi. Shida ni rangi, ni jina letu, au mtoto mwenyewe hajui mpira na mimi najidanganya? — Baba Fowadi

Salama kabisa kaka. Hizo ndevu ulizoziona ndo jibu lenyewe, sema umezipita haraka.

Sikiliza. Zamani kocha wa chuo kidogo hakuwa na njia nyingi, anachukua vijana wanaotoka sekondari, anakaa nao miaka minne, wa kwanza na wa pili wanakula benchi wanajifunza, wakifika wa tatu wa nne ndo timu yenyewe. Oktoba 2018 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo na kuvipanga kwenye divisheni tatu, wakafungua potali ya uhamisho, yaani mchezaji anaandikisha jina lake tu na makocha wa vyuo vingine wanaruhusiwa kumnyatia. 2021 wakasema ukihama mara ya kwanza unacheza hapo hapo, hukai nje mwaka mzima, na 2024 wakaondoa hata hiyo hesabu ya mara ngapi, hama utakavyo ilimradi masomo yako yako sawa. Juu ya hapo waliocheza msimu wa korona, ule wa 2020-21, walipewa mwaka wa nyongeza, kwa hiyo vyuo vikajaa watu wazima kwa miaka kadhaa. Sasa jiweke kwenye kiti cha kocha, ukifungwa misimu miwili mitatu mfululizo unafungashwa virago, mbele yako kuna kijana wa miaka 17 wa dakika 20 na kuna jamaa wa miaka 22 ambaye kashacheza mechi 90 za chuo. Utamchukua nani? Mgeni njoo mwenyeji apone, ndo hesabu yao ilivyo.

Na nafasi zenyewe hazipo nyingi. Kwa miaka mingi timu ya wanaume Divisheni ya Kwanza ilikuwa na skolashipu 13, na kuanzia msimu wa 2025-26 vyuo vilivyoingia kwenye mfumo mpya wa kugawana mapato na wachezaji vina kikosi cha watu 15. Toa wanaobaki, toa wa potali, toa yule senta wa Ulaya ambaye urefu wake haupatikani kijijini kwenu, zinabaki mbili tatu kwa vijana wa sekondari wa dunia nzima. Kwa hiyo kabla ya rangi na jina anza na hesabu kwanza, sisemi hayo mengine hayapo duniani. Na kusajili wa mbali si dhambi, Saint Mary's pale California wamejijengea jina kwa Waaustralia, Patty Mills na Matthew Dellavedova wote walipita pale.

Sasa na mimi nikuulize. Kocha wake wa sekondari ameshapiga simu pale chuoni? Si wewe, yeye. Maana mzazi akipiga kila siku anaonekana msumbufu, kocha mwenzake akipiga anasikilizwa. Wazazi wengi mnakaa mnasubiri chuo kije kwa sababu mnakiona dirishani, mnadhani na wao wanawaona.

Na msiangalie chuo kimoja kama vile ndo kimeandikwa mbinguni. Hapo hapo Iowa kuna mfano mzuri, Ali Farokhmanesh, yule aliyepiga ile pointi tatu 2010 Northern Iowa walipowatoa Kansas 69-67, Kansas wakiwa ndo waliopangwa namba moja kwenye mashindano yote ya taifa ya vyuo. Kijana wa Iowa City, na hakwenda Northern Iowa moja kwa moja, alizungukia vyuo vya miaka miwili kwanza humo humo jimboni, ndo wakamchukua. Fowadi wako akianzia chuo cha miaka miwili, au NAIA, kile chama kingine cha michezo ya vyuo vidogo, au Divisheni ya Pili, hajashindwa. Kachelewa tu kuonekana, na kuchelewa kwenye basketi mara nyingine ni faida, nitaeleza kwenye swali linalofuata.

Mi na washkaji tumebishana mpaka tumenuniana. Mmoja anasema hii habari ya vijana wa nyumbani ni porojo za makocha za kufurahisha mashabiki, eti mchezaji mzuri kweli hawezi kubaki chuo kidogo cha kwao, wakubwa watakuwa wameshamchukua. Tupe majina tumalize. — Mbishi

Majina yapo, ila nataka muone na kinachoyaunganisha, maana majina matupu hata mshkaji wako anaweza kuleta ya kwake.

Anza na Larry Bird. Kijana wa French Lick, Indiana, kamji kadogo. 1974 alikwenda chuo kikubwa cha jimbo, Indiana University, hakumaliza hata mwezi, akarudi kwao akapata kibarua halmashauri ya mji, mpaka lori la taka alipanda. Wakubwa walishamaliza naye, sasa nani alimfuata? Indiana State, chuo cha Terre Haute, humo humo jimboni, walikwenda wenyewe mpaka kwao wakambembeleza. 1979 wakafika fainali wameshinda mechi 33 bila kufungwa, wakaja kupigwa 75-64 na Michigan State ya Magic Johnson. Chuo kile kabla yake na baada yake hakijawahi kuona kitu kama hicho.

John Stockton, mzaliwa wa Spokane, Washington, akasoma Gonzaga ambayo iko Spokane hiyo hiyo. Enzi hizo Gonzaga haijawa hii mnayoijua, ilikuwa timu ya kawaida kabisa. Kwenye drafti ya NBA, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, akachukuliwa namba 16 mwaka 1984 na Utah Jazz, akastaafu na asisti 15,806, na hiyo rekodi ya NBA mpaka leo imekaa pale pale. Adam Morrison naye wa Spokane, Gonzaga hiyo hiyo, akaenda namba 3 mwaka 2006, NBA hakufanya kitu lakini chuoni alikuwa moto wa kuotea mbali.

Halafu Scottie Pippen, na huyu naomba mkae naye kidogo. Katoka Hamburg, Arkansas, ana futi 6 na inchi 1, hakuna chuo hata kimoja kinachomtaka. Kocha wake wa sekondari akamuombea Central Arkansas, chuo cha jimboni kwao, kipindi hicho kiko NAIA, akaingia kama msaidizi wa timu, yule wa kushughulika na vifaa. Huko chuoni akaanza kurefuka mpaka futi 6 na inchi 8. 1987 akachaguliwa namba 5. Sasa skauti wa chuo kikubwa aliyemuona Pippen ana miaka 17 hakukosea, alichokiona ndo kilichokuwepo. Kosa lake ni kwamba hakurudi kuangalia tena.

Derrick White hivyo hivyo, na huyu ni wa juzi tu. Parker, Colorado, kamaliza sekondari ni kijana wa kama futi 6, hakuna skolashipu ya Divisheni ya Kwanza. Akaenda UCCS pale Colorado Springs, Divisheni ya Pili, kama mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kwao, na cha kuchekesha ni kwamba kocha aliyemchukua alikuwa anamtaka tangu yuko kwenye chuo kidogo zaidi pale Denver, alipohamia UCCS akahama na wazo lake. White akakaa pale miaka mitatu, akarefuka, akahamia chuo kikubwa cha jimbo pale Boulder, 2017 akaenda namba 29, 2024 ana pete ya ubingwa na Boston Celtics na dhahabu ya Olimpiki mwaka huo huo mmoja.

Gordon Hayward wa Brownsburg, ni pale pale nje ya Indianapolis, akaenda Butler. Huyu naye alianza sekondari ni kafupi, urefu ukaja baadaye. 2010 Butler wanafika fainali, na fainali yenyewe inachezwa Indianapolis nyumbani kwao, Duke 61 Butler 59, na mpira wa mwisho Hayward kaurusha kutoka katikati ya uwanja, ukagonga bodi, ukagonga ringi, ukatoka. Mpaka leo nikiona hiyo video nasema safari hii unaingia.

Mnaona uzi? Watatu kati ya hao walirefuka wakati wakubwa wameshafunga daftari. Chuo kikubwa kinamuona mtoto kwenye mashindano ya Julai, mechi mbili tatu, ukumbi una viwanja vinane, makelele, kinaandika, kinaondoka. Chuo cha jirani kinaweza kumuona Novemba, Januari, Machi, na mwaka unaofuata tena, kinaona viatu vimebadilika saizi, kinamuona baba yake ni mrefu kiasi gani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwenye usajili mara nyingi fimbo ya karibu ndo inaokota mtoto ambaye hakuna mwenzake aliyemuona.

Ila mshkaji wako naye ana pointi moja, na msimnyime. Damian Lillard ni mtoto wa Oakland, California, akaenda kucheza Weber State kule Ogden, Utah, maana yake vyuo vidogo vya kwao California havikumpata. Ja Morant wa South Carolina alionekana na kocha msaidizi wa Murray State, chuo cha Kentucky, ambaye alikuwa ameenda kambini kumuangalia mchezaji mwingine, njaa ikamuuma, akatoka kutafuta kitu cha kutafuna, akapita ukumbi wa pembeni akamkuta Morant anacheza watatu kwa watatu. Namba 2, 2019. Kwa hiyo ujirani peke yake haukupi macho, kuna vyuo vimekaa jirani na almasi miaka minne na havikutembea.

Divisheni ya Tatu wanatoa skolashipu ya basketi? Jibu fupi tafadhali. — Mama wa Mapacha

Hapana. Msaada wa ada wanatoa, wa masomo na wa hali ya familia, na mara nyingine unakuwa mnono kuliko skolashipu nusu ya Divisheni ya Pili, ila wa basketi hakuna. Ivy League, ile ligi ya kina Harvard na Yale, nao hivyo hivyo japo wako Divisheni ya Kwanza. Mtu akikwambia mwanao kapata skolashipu kamili ya basketi Divisheni ya Tatu na anataka ada ya kushughulikia, mama kata simu.

Habari anko, mimi najitolea kama kocha msaidizi kwenye chuo cha Divisheni ya Pili, Georgia. Mabosi wanataka tuanze kusajili zaidi vijana wa karibu kwa sababu bajeti ya safari imekatwa, lakini hakuna aliyetuambia tuanzie wapi, na wale wazuri wa hapa wote wanaota Divisheni ya Kwanza, ukiwapigia wanakujibu kama umewatukana. — Msaidizi

Barua yako imenifurahisha maana hapa ndo kwenye utamu. Kwanza niseme ukweli, kusajili wa nyumbani kwa sababu bajeti imekatwa ni sababu mbaya ya kufanya jambo zuri, lakini sawa, twende nayo hivyo hivyo.

Anza na pesa. Divisheni ya Pili mna skolashipu 10 kwa timu na tofauti na wakubwa mnaweza kuzikatakata, huyu nusu, yule robo, na najua vyuo vingi hata hizo 10 hamzijazi. Hapo kijana wa jimboni ana thamani tofauti kabisa. Kama chuo chenu ni cha serikali, ada ya mkazi wa jimbo ni ndogo kuliko ya anayetoka nje, kwa hiyo dola ile ile inakwenda mbali zaidi. Na nyie Georgia mna bahati, kuna HOPE, ule ufadhili wa pesa za bahati nasibu ya jimbo, ulianza 1993, kijana wa Georgia akimaliza sekondari na wastani wa 3.0 kati ya 4.0 anaupata bila kujali anacheza nini, na hizo pesa hazitoki mfukoni kwa kocha. Ukimuunganishia kijana HOPE na robo skolashipu yako, mzazi anaona hesabu inafungika. Kwa hiyo swali la kwanza ukifika sekondari yoyote lisiwe nani anafunga pointi 25, uliza nani ana 3.0 na anacheza vizuri. Utashangaa orodha inavyobadilika.

Pili, wale nyota wanaokujibu kwa dharau, usiwakasirikie na usiwafukuzie. Andika majina, wapongeze wakipata wanachokitaka, endelea na maisha. Wewe kaa na yule wa pembeni yake. Kila sekondari yenye nyota ina kijana wa pili au wa tatu anayekimbia nyuma, anablok, anafunga pale nyota anapobanwa na watu wawili, na huyo hana simu hata moja. Na nenda mazoezini, si mechi tu. Mechini unaona kipaji, mazoezini unaona kama kocha wake anarudia kitu kimoja mara nne. Mazoezi ya Jumanne jioni hakuna skauti mwingine atakayekuwepo, utakaa na kocha wao mnapiga stori, na yule kocha atakuwepo pale miaka 15 ijayo, vijana watakuja na kupita lakini yeye ndo mlango wako. Ukimchukua kijana wake ukamkalisha benchi bila hata kumpigia simu mzee kumueleza, umefunga sekondari nzima. Ukiwa humtaki kijana wake, mwambie kweupe kwamba humtaki na kwa nini, makocha wa sekondari wanasamehe hapana, hawasamehi kuzungushwa.

Tatu, tumieni sheria zenu. Divisheni ya Pili mnaruhusiwa kumleta kijana chuoni mkamfanyia majaribio uwanjani na wachezaji wenu, ina masharti yake, kaa na ofisa wa sheria za NCAA hapo chuoni akueleze. Kwa chuo cha karibu hii ni dhahabu, kijana wa mbali ni tiketi na hoteli, wa kwenu anakuja na gari la mama yake. Kambi za kiangazi nazo, zinatakiwa ziwe wazi kwa yeyote, msizifanye za kualika wateule, na hata zingeruhusiwa ningewaambia mfungue milango, maana yule wa darasa la nane ambaye leo hajui hata kudribo vizuri, miaka minne mbele atakuwa anakumbuka nani alimpa tisheti.

Kama unataka kuona hii kitu ikifanya kazi angalia Northwest Missouri State, Divisheni ya Pili, kamji ka Maryville. Kati ya 2017 na 2022 wamebeba ubingwa wa taifa mara nne chini ya Ben McCollum, na kikosi kilikuwa cha vijana wa Missouri, Kansas, Iowa na majirani zao, watu ambao hakuna aliyekuwa akigombana kuwapata.

Ila kuna kitu watu hawasemi na wewe ndo utakutana nacho. Mchezaji wa nyumbani anakuja na nyumba yake. Mama anakaa safu ya tatu kila mechi na anahesabu dakika. Mjomba ana maoni. Ukimuacha kijana wa mbali anapanda basi anaondoka, ukimuacha wa hapo hapo kinyozi wako anajua kabla hujafika nyumbani. Mi ningesema chukueni wanne watano wa karibu ambao kweli watacheza, msijaze kumi wa kupamba orodha halafu saba wanakaa benchi mbele ya wazazi wao.

Anko, nilisoma chuo kidogo Ohio na bado nachangia timu kidogo kidogo kila mwaka. Kwa nini tuhangaike kumlea kijana wa hapa miaka mitatu halafu chuo kikubwa kinakuja kumchukua? Si tumekuwa shamba la wenzetu? — Mchangiaji

Mko shamba kweli, sikufichi. Oakland, ile ya Michigan si ya California, 2024 waliwatoa Kentucky 80-76, na dunia nzima ikamuimba Jack Gohlke aliyepiga pointi tatu mara kumi, naye katoka Divisheni ya Pili. Lakini roho ya ile timu alikuwa Trey Townsend, mtoto wa hapo jirani, baba na mama wote walichezea Oakland, mchezaji bora wa ligi yao msimu ule. Miezi michache baadaye alikuwa Arizona. Yaani hata yule ambaye wazazi wake wote wawili walivaa jezi ile aliondoka, nani atabaki?

Saint Peter's nao, Jersey City, 2022, timu ya kwanza kabisa iliyopangwa namba 15 kwenye kundi lake (16 ndo ya mwisho) kufika robo fainali ya taifa, wamewapiga Kentucky, Murray State na Purdue, kikosi kina vijana wa New Jersey na New York na mapacha wa Mali, kocha Shaheen Holloway. Fainali haijachezwa bado na kocha ameshakwenda Seton Hall, kwa jirani kabisa, na wachezaji wakatawanyika. Na McCollum niliyemsifu hapo juu? 2024 alihamia Drake akabeba wachezaji wake wanne, wakashinda mechi 31 na kuwatoa Missouri kwenye mashindano, mwaka uliofuata akaenda Iowa na Bennett Stirtz, nyota wake aliyetoka jimbo la Missouri, akamfuata. Ngazi ina watu kila daraja.

Lakini angalia na upande wa pili wa mlango, maana mlango wa uhamisho unafunguka kote. Jairus Lyles ni kijana wa Silver Spring, Maryland, alianzia VCU huko Virginia, akapitia Robert Morris, akarudi UMBC, Maryland kwao. 2018 UMBC wakawa namba 16 wa kwanza kumtoa namba 1 katika historia ya wanaume, Virginia 54 wao 74, na Lyles peke yake kafunga 28. Huyo sekondari wasingempata, alikuwa juu ya uwezo wao. Walimpata mara ya pili.

Ndo maana mi naona kijana wa nyumbani anasajiliwa mara mbili. Mara ya kwanza akiwa na miaka 17, na mara nyingi utashindwa. Mara ya pili akiwa na miaka 20, kakaa benchi chuo kikubwa mwaka mzima, kakumbuka chakula cha nyumbani, na anaangalia simu yake kuona nani alimtumia ujumbe wa heri siku aliposaini kwingine. Na yule anayewaacha nyie kwenda juu, msimtukane mitandaoni kama nilivyoona mashabiki wa timu fulani wakifanya, maana ana mdogo wake, ana binamu, na kocha wake wa sekondari anasoma hizo komenti. Endelea kuchanga. Ila waulize hela yako inakwenda wapi, kama inakwenda kwenye posho za wachezaji kwa matumizi ya jina na sura zao, kitu kilichoruhusiwa Julai 2021, basi waombe sehemu yake iende kwa anayeingia mwaka wa tatu, si kwa mgeni wa miezi minane.

Shikamoo anko. Mimi ni msichana wa miaka 16, pointi gadi, nacheza South Dakota, mji wetu ni mdogo sana hata taa za barabarani ziko mbili. Hakuna skauti anayefika. Nataka kucheza chuo cha jimboni hapa hapa nisiende mbali na bibi. Nianze vipi? — Gadi wa Taa Mbili

Marahaba binti. We uko jimbo zuri kuliko unavyofikiri. South Dakota State, wanawake, pale Brookings, 2019 walifika 16 bora ya nchi nzima, na nyota wao Macy Miller alikuwa msichana wa Mitchell, South Dakota hiyo hiyo. Wanajua njia za huko kwenu, taa mbili haziwatishi.

Masomo kwanza, sikuambii kama mzazi nakuambia kama mtu wa usajili. Divisheni ya Kwanza wanataka masomo ya msingi 16 na wastani wa 2.3, na 10 kati ya hayo uwe umeyamaliza kabla ya mwaka wa mwisho kuanza, Divisheni ya Pili ni 2.2. Kaa na mshauri wa masomo shuleni wiki hii mhesabu, kuna wachezaji wazuri kabisa wamekwama kwa sababu somo walilosoma halikuwa kwenye orodha.

Halafu andika barua pepe mwenyewe. Sheria zina tarehe za lini kocha anaruhusiwa kukujibu, lakini hazikukatazi wewe kuandika, kwa hiyo asipojibu usife moyo, huenda hajaruhusiwa bado. Andika vyuo vyote vya jimbo, vya NAIA na Divisheni ya Pili pia, mistari sita inatosha: jina, shule, mwaka, urefu wa kweli (usijiongezee inchi, watakuja kukupima), wastani wako, ratiba ya mechi zako na namba ya kocha wako. Na useme wazi unataka kubaki jimboni. Usione aibu na habari ya bibi, kocha wa chuo kidogo akisikia msichana ana sababu ya kukaa karibu miaka minne anakaa wima kwenye kiti.

Video usipeleke zile za dakika mbili zenye muziki ambapo kila mpira unaingia. Chagua mechi moja nzima, ile dhidi ya timu iliyowasumbua, na usikate ile robo ya tatu mliyozidiwa.